Mvua Iko Wapi?

Kama ulifanya KCSE, karatasi ya tatu ya Kiswahili bado unayo mahali fulani kichwani. Taja njia za kukusanya fasihi simulizi. Unajaza mbio: kusikiliza, kushiriki, hojaji, mahojiano, vinasasauti. Eleza matatizo yanayomkumba mkusanyaji. Unajaza tena: gharama, betri kuisha, vifaa kuharibika, watu kukataa kuongea. Tulikariri hayo majibu kama nambari ya M-Pesa, na darasani mwetu hakukuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kushika kinasasauti.

Mimi nilikishika mara ya kwanza nikiwa mwaka wa pili chuoni, 2019. Na majuzi, nikiwa nimeketi nyuma kabisa kwenye ukumbi wa chuo kimoja hapa Nairobi nikisikiliza kazi za sauti za wanafunzi wa mwaka wa mwisho, nilitambua kuna tatizo moja ambalo hakuna kitabu cha marudio kiliwahi kulitaja. Kifaa kinaweza kuwa kizima. Betri ikajaa. Mtu akakubali kuongea. Na bado ukamkosea.

Kazi zenyewe zilikuwa saba. Taa zikapunguzwa, spika mbili zikawekwa mbele, kila mwanafunzi akapewa dakika moja ya utangulizi. Niseme mapema: hawa watu si wavivu. Rekoda za chuo ni chache, darasa ni kubwa, na kifaa kimoja huzunguka mikononi mwa watu wengi ndani ya wiki moja. Kuna waliopanga foleni kwenye mlango wa stoo kabla jua halijatoka. Kwa hivyo ninachokosoa hapa si bidii.

Ya kwanza ilimhusu mama mshonaji wa Gikomba ambaye kibanda chake kiliteketea. Gikomba imeungua mara nyingi mpaka siku hizi habari zake hupita redioni kama utabiri wa hali ya hewa, kwa hivyo kumpa mama mmoja dakika nane peke yake ni jambo la maana. Anaongea pole pole. Kuna mahali anataja bei ya cherehani iliyoungua, halafu ananyamaza. Hapo ndipo nilitega sikio nisikie soko. Gikomba hainyamazi kamwe: kuna nyundo za jua kali, kuna mikokoteni, kuna vijana wanaopiga kelele za bei juu ya marundo ya mitumba. Lakini wapi. Mama alinyamaza ndani ya utupu mtupu, kisha piano laini ya bure kutoka intaneti ikaingia taratibu kutuelekeza kwamba sasa ni wakati wa kuhuzunika.

Ya pili ilikuwa ya makanga wa Rongai. Huyo alirekodiwa studioni, chumba kilichofunikwa sponji kuta zote nne, akiulizwa maswali kama shahidi kortini. Wakijua kwamba makanga bila gari ni kama samaki kwenye kabati, waliongeza mlio wa gari waliopakua mahali. Honi ilipolia, jamaa nyuma yangu akanong'ona, "Hiyo ni basi ya ng'ambo, manze." Watu wakacheka. Nilimwonea huruma aliyetengeneza, lakini jamaa alikuwa na haki. Ma-mat za Rongai zina honi ambazo mtu wa njia hiyo anazitambua akiwa bado kitandani.

Zikafuata ya kijana wa boda, ya muuguzi wa zamu ya usiku, ya mzee wa kinyozi. Kufikia ya tano ningeweza kufumba macho na nisijue kama niko Kibera, Kitengela au Kisumu. Watu watano tofauti, wote wakiongea kutoka chumba kimoja kisichokuwepo duniani.

Kipindi cha maswali kilipofika niliuliza kwa nini soko lilitolewa kwa mama wa Gikomba. Mwanafunzi akajibu bila kusitasita: mwongozo wa kusahihisha una alama za usafi wa sauti. Kelele hukatwa alama. Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu mimi mwenyewe nilishawahi kupata A kwa kosa hilo hilo.

Ngoja nieleze.

Stoo ya vifaa ya chuo chetu ilikuwa dirisha dogo lenye vyuma, na nyuma yake mzee mmoja tuliyemwita Mkubwa. Kuazima rekoda kulikuwa na taratibu zake. Unaacha kitambulisho cha shule. Unajaza fomu: jina, nambari ya usajili, nambari ya kifaa, siku na saa ya kuchukua, siku na saa ya kurudisha. Kisha Mkubwa anafungua mkoba na kuhesabu kimoja kimoja huku ukitazama: rekoda, sponji ya kuzuia upepo, waya, hedifoni, betri mbili, kadi ya memori. Ukirudisha, anahesabu tena. Ukichelewa kuna faini. Na chini ya fomu kulikuwa na sharti limepigiwa mstari: kadi irudi ikiwa tupu.

"Mkubwa, naomba nikae nayo hadi Jumatatu."

"Jumatatu? Kwani unaenda kurekodi harusi?"

"Naenda ushago, Bungoma. Kwa kukhu."

Akaniangalia juu ya miwani. "Kijana wangu, hii kitu ikipotea hata cheti hutakiona."

Nikatia sahihi. Usiku huo kwenye basi niliulalia huo mkoba kama mtoto mchanga.

Kukhu ni nyanya yangu, mzaa baba. Nilikuwa nataka hekaya moja tu, ile ya msichana aliyekataa wachumba wote wa kijijini akaishia kuolewa na zimwi. Jumamosi mchana aliniambia nisubiri, hadithi si za jua. Jioni mvua ikaja, ile mvua ya magharibi mwa Kenya ambayo haiombi ruhusa, ikapiga mabati ya jikoni mpaka tukawa hatuwezi kwenda popote. Ndipo alipokubali. Niliweka rekoda juu ya kigoda, nikavaa hedifoni, nikatazama mishale ya sauti ikipanda na kushuka. Alisimulia dakika 22.

Nataka uelewe alivyofanya, kwa sababu ndiyo kesi yenyewe. Mvua ilipozidi, alipaza sauti. Ilipopungua, alishuka nayo mpaka karibu na kunong'ona. Pale zimwi linapobisha mlango, mvua ilipiga paa kwa kishindo, na kukhu akanyamaza, akaelekeza mwiko juu, akatuangalia mmoja mmoja kama anayesema, mmelisikia? Watoto wa ami yangu wakapiga mayowe. Hakuipanga. Aliiona nafasi akaitumia, kama msanii yeyote mzuri.

Jumatatu nilirudi Nairobi nikiwa nimebakiza saa chache kabla ya fomu kuanza kunidai. Nikakimbilia maabara ya kompyuta, nikafungua Audacity, nikamwaga faili humo. Na hapa lazima tuitazame hii programu kidogo, kwa sababu wahakiki huandika kurasa na kurasa kuhusu riwaya moja ambayo watu wachache wameisoma, ilhali karibu kila anayerekodi kitu chuoni amewahi kupitia Audacity, na hakuna anayeihakiki.

Ilianzishwa mwaka 1999 na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2000. Ni ya bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Hiyo ndiyo sababu iko kwenye kompyuta za vyuo vyetu. Programu zingine za kazi hii hudai malipo ya kila mwezi, na sisi pesa ya kila mwezi ina kazi zingine. Bila Audacity, nusu ya podikasti unazozisikiliza za vijana wa hapa pengine hazingezaliwa. Kwa hilo naiheshimu.

Lakini kila kifaa huja na maoni yake. Kwenye menyu yake kuna amri maarufu ya kupunguza kelele. Inafanya kazi hivi. Unachagua sekunde chache ambapo mtu hajaongea, unaiambia programu: hii ni kelele, isome. Programu inapima nguvu ya sauti hiyo katika kila kiwango, kuanzia mizito ya chini hadi miluzi ya juu. Kisha unachagua rekodi nzima, na popote ambapo sauti haizidi ule mpaka iliousoma, inaishusha. Ni hesabu safi. Kwa mlio wa feni unaoimba noti moja tu, au ule mngurumo wa stima unaoingia kwenye waya mbovu, ni dawa kabisa.

Mvua si feni. Mvua ya mabati inajaa kila kiwango kwa wakati mmoja, na sehemu yake kubwa inakaa pale pale zinapokaa s, sh na f za binadamu. Ukiing'oa kwa nguvu, unang'oa na hizo. Kinachobaki kinasikika kama mtu anayeongea akiwa ameinamisha kichwa kwenye ndoo. Mimi niliivuta mizani mara mbili, kisha mara ya tatu, mpaka mvua ikaisha. Nilijiona fundi.

Na angalia aliyeamua. Programu haikujua kelele ni nini. Iliniuliza mimi. Mimi ndiye niliyechagua zile sekunde chache za mvua, kabla kukhu hajafungua mdomo, nikasema: hii ni takataka. Kiswahili kingenisaidia kama ningekisikiliza. Kwa Kiswahili hatusemi kelele za mvua isipokuwa tumekasirika. Tunasema mlio, mvumo, sauti ya mvua. Kelele ni neno unaloambiwa na mwalimu wa zamu ukiwa kwenye orodha ya wapiga kelele. Ni hukumu, si maelezo.

Yaliyofuata yanawahusu wote waliosoma kabla ya 2021. Wakati huo Audacity ilikuwa inahifadhi kazi yako katika vipande viwili: faili dogo la mradi, na pembeni yake folda ya data yenye sauti zenyewe. Lile faili dogo lilikuwa kama menyu ya hoteli. Chakula chenyewe kilikuwa kwenye folda. Ukinakili faili bila folda, umebeba menyu ukaacha chakula. Wengi walilia hivyo. Toleo la 3.0, lililotoka Machi 2021, ndilo lililounganisha vyote kuwa faili moja. Mimi nilikuwa 2019. Nilinakili faili dogo kwenye fleshi, nikatoa nakala ya MP3 ya kumtumia mhadhiri, nikaifuta kadi kama fomu ilivyotaka, nikakimbia stoo. Mkubwa akahesabu: rekoda, sponji, waya, hedifoni, betri mbili, kadi. "Umefanya poa," akasema. Akanirudishia kitambulisho. Usiku huo kompyuta za maabara zikajisafisha zenyewe, kama zilivyofanya kila usiku.

Asubuhi sikuwa na kitu isipokuwa ile MP3. Kila kitu cha chuo kilikuwa kimerudi salama. Kitu cha kukhu ndicho kilichokuwa kimepotea.

Darasani tulipoicheza, msichana mmoja aliuliza swali ambalo sijawahi kulisahau: "Mbona huyo mama amekasirika hivyo?" Kwa sababu bila mvua, kupaza sauti kwa kukhu hakukuwa na sababu. Alisikika akifoka, kisha ghafla ananong'ona, kisha anafoka tena, kama mtu asiye sawa. Pale alipoacha mvua iongee, palikuwa na shimo. Mhadhiri alisifu usafi wa rekodi. A.

Desemba nilimpelekea. Tulikuwa tumekaa nje, nikamwekea simu sikioni. Alisikiliza dakika mbili hivi akaniuliza ni nani huyo anayegombana. Nikamwambia ni wewe, kukhu. Akasikiliza tena. Akauliza, "Mvua iko wapi?"

Nikamwambia niliitoa.

"Ilikukosea nini?"

Kuna mtu atasema, wacha kuwa mgumu, msikilizaji wa leo yuko kwenye matatu na simu ya spika mbovu, anahitaji kuelewa maneno. Nakubali. Kuna rekodi nyingi ambazo zimeuawa na upepo, na mwanafunzi asiyejua kuweka maiki karibu na mdomo hawezi kujificha nyuma ya neno uhalisia. Hata kukhu ningeweza kumsogezea rekoda karibu na mvua ikabaki nyuma bila kufutwa. Sidai tupende uchafu. Nadai tuulize, kabla ya kubonyeza, hii sauti inafanya kazi gani hapa? Cherehani ya jirani ingefanya nini nyuma ya mama wa Gikomba anaponyamaza? Ingetuambia kwamba wengine wameshaanza kushona tena na yeye bado. Ile piano haiwezi kutuambia hivyo.

Na suala lenyewe, naona sasa, si sauti tu. Ni kuazima. Waswahili walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kila anayerekodi anaazima vitu viwili, kifaa na sauti ya mtu. Cha kwanza kina fomu, sahihi, faini na Mkubwa mwenye miwani. Cha pili hakina chochote. Tunafundishwa kuogopa kupoteza sponji ya maiki. Hakuna anayetufundisha kuogopa kupoteza dakika 22 za mtu ambaye hatazisimulia tena vile vile.

Ugonjwa huu si wa kizazi chetu peke yetu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki aliyezunguka sehemu kubwa ya Afrika na mitambo yake, alifika Kapkatet akawarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo unaojulikana kama "Chemirocha". Jina hilo linatokana na la mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huku. Tracey alikuwa na mazoea ya kushika maikrofoni kwa mkono wake mwenyewe, akiisogeza huku na huku, akiamua nani asikike zaidi. Rekodi zake zilienda kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954, inayojulikana kama ILAM. Wimbo ukapata mashabiki ng'ambo. Kapkatet yenyewe ilisubiri zaidi ya miaka 60 ndipo ILAM, pamoja na Ketebul Music ya hapa Nairobi, wakarudisha nakala kwa watu wenyewe. Simlaumu Tracey kwa kila kitu. Bila yeye tusingekuwa na sauti hizo. Lakini miaka 60 ni muda mrefu wa kukaa na kitu cha watu. Mkubwa angekuwa ameshamfungia dirisha.

Cha kushangaza ni kwamba sisi ndio tulipaswa kuwa tofauti. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka pale kwenye chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Nairobi wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika, pamoja na ile ya mdomo, iwekwe katikati. Vita hiyo ndiyo sababu fasihi simulizi ina heshima inayofundishwa nayo leo. Walipigania kukhu aingie darasani. Sisi tumemwingiza, kisha tukamwomba asije na mvua yake.

Tena sisi ni wepesi wa kulalamika tukiguswa wenyewe. Mwaka 2021 Audacity ilinunuliwa na kampuni iitwayo Muse Group, na Julai ya mwaka huo sera mpya ya faragha ikazua zogo dunia nzima kwa sababu ilionekana programu itakusanya taarifa za watumiaji. Watu waliita programu ya ujasusi. Nami nilikuwa mmoja wao, nimekasirika kwelikweli, na kwenye simu yangu kulikuwa na faili la nyanya wa watu niliyemgeuza mgomvi bila kumuuliza.

Nirudi ukumbini. Kazi ya saba, ya mwisho, ndiyo iliyofanya nikaandika haya. Mwanafunzi huyo alifika stoo rekoda zote zikiwa zimechukuliwa, hivyo akarekodi kwa simu. Ilimhusu mama yake anayepika chapati kibandani. Mwanzoni nilijikunja kwenye kiti, nikidhani itakuwa fujo. Ilikuwa fujo kweli, lakini fujo yenye mpangilio. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa aproni, kwa hivyo kila mama alipoinama sauti yake ilikuwa karibu kabisa, na kila aliposimama tukasikia barabara. Unasikia chapati ikianguka kwenye kikaango cha moto kabla ya kila jibu, na baada ya dakika tatu unaanza kuelewa kwamba huyu mama hufikiria kwa kipimo cha chapati moja. Anaulizwa swali gumu, kuhusu miaka ambayo baba hakuwepo, na unasikia chapati ikigeuzwa mara mbili. Ndilo jibu lake. Hakuna muziki.

Haikuwa kamilifu. Ilikuwa ndefu kwa dakika nne hivi, na kuna sehemu lori linapita na sentensi nzima inaondoka nalo. Hiyo angeweza kuirudia. Mama yake yupo kila siku. Ila mwishoni mwanafunzi alituambia kitu ambacho hakuna mwingine alisema. Kabla ya kuikabidhi, aliicheza nyumbani. Mama akasikiliza yote akiwa anakunja nguo, akaomba kitu kimoja kitolewe: jina la mteja aliyemtaja kwamba ana deni lake. "Huyo ni jirani," alisema. Likatolewa. Ukisikiliza kwa makini unasikia pale palipokatwa, mkato mdogo usio laini. Kwangu huo ndio uhariri bora zaidi niliousikia usiku ule, kwa sababu ulitoka kwa mwenye sauti.

Kazi hiyo haikushinda. Washindi walikuwa Gikomba na ile piano.

Kwa hivyo pendekezo langu ni dogo, la karatasi moja. Nyuma ya fomu ya stoo kuna nafasi tupu. Ijazeni. Jina la aliyerekodiwa. Anataka atajwe vipi. Alisikiliza kazi kabla haijatoka? Aliomba nini kitolewe, na nini kirudishwe? Nakala yake ameachiwa wapi, kwenye simu ya nani? Na rekodi ghafi, kabla ya kuguswa na amri yoyote, imewekwa wapi kabla kadi haijafutwa? Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na wanaojua sheria watatuambia inadai nini. Mimi nazungumzia adabu tu. Mtu akikuazima sufuria, huirudishi bila kuiosha. Na huirudishi ukiwa umeikata mpini kwa sababu ulidhani itapendeza zaidi.

Nao wahadhiri, tafadhali, ile sehemu ya usafi wa sauti ipeni jina lingine. Iiteni usikivu. Mwanafunzi apate alama kwa kueleza alichoacha na kwa nini, sawa na alichotoa.

Faili la kukhu bado ninalo. Nililiita "kukhu safi", na sijawahi kulibadilisha jina, makusudi. Amesema nikienda msimu wa mvua atanisimulia tena, lakini ameshanionya kwamba haitakuwa ile ile, hekaya haina nakala. Safari hii nitaenda na simu yangu na nafasi ya kutosha kwenye kadi.

Na wanaochapisha vitabu vya marudio, kwenye orodha ya matatizo ya ukusanyaji wa fasihi simulizi, baada ya betri kuisha na vifaa kuharibika, ongezeni moja: mkusanyaji kutorudisha alichoazima. Alama moja inatosha.